Glavu Haina Moto

Novemba ikikaribia, simu yangu huanza kupokea ujumbe wa aina moja. Anayeandika ni kijana aliyehamia Marekani au Kanada si muda mrefu, amepata kazi ya nje, ya kupakia mizigo uwanja wa ndege, kusambaza vifurushi au kuondoa theluji kwenye maegesho ya magari, naye anauliza: "Shikamoo kaka. Eti ninunue glavu gani?" Wengine huambatanisha picha waliyoipiga dukani, bei ikionekana vizuri, ili nisije nikawashauri kitu cha matajiri. Huwa nawajibu kwamba swali ni zuri ila wamelianzia mwisho. Glavu haina moto. Iache nje usiku kucha glavu ya dola mia, asubuhi utaikuta ina ubaridi ule ule wa theluji iliyoizunguka. Kazi yake ni kulichelewesha joto lisitoroke, na joto hilo sharti liwe limeshafika mkononi. Mtu ambaye damu haimfikii vidoleni, glavu inamhifadhia baridi.

Nalisema hili gazetini, badala ya kuendelea kulijibu kwenye simu, kwa sababu watu wetu walioko huko sasa ni wengi. Kutoka kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma peke yake, maelfu ya Wakongomani wamehamishiwa Marekani, na Kiswahili kinasikika Iowa, Maine, Ohio na Minnesota, kwenye maghala na kwenye vituo vya basi saa kumi alfajiri. Kazi za mwanzo wanazopata ni zile ambazo wenyeji wamezikimbia, na nyingi ziko nje, au ziko kwenye mlango mkubwa unaobaki wazi kutwa. Shirika linalompokea mkimbizi linatakiwa kumpatia nguo za msimu, naye kwa kweli hupewa: koti, kofia, glavu. Asichopewa ni maelezo ya kwa nini vidole vyake vinakufa ganzi baada ya dakika kumi, wakati mwenzake aliye ubavuni, kwenye baridi ile ile na glavu zile zile, anapiga kazi na kucheka.

Maelezo yenyewe si magumu. Kidole hakina nyama ya kujitengenezea joto. Misuli inayokikunja na kukikunjua iko juu kwenye kigasha. Kidole ni mfupa, kano na ngozi, na joto lake lote linaletwa na damu. Kwenye ncha za vidole kuna njia za mkato baina ya mishipa inayoleta damu na inayoirudisha. Mwili ukiwa na joto la ziada, njia hizo hufunguka na damu humwagika humo kwa wingi. Baridi ikibisha hodi, hufungwa. Mwili una kiini chake, moyo, ini, ubongo, ambacho hauko tayari kukiacha kiteremke mbali na nyuzi 37, kwa hiyo unafanya mgawo kama ule wa umeme tuliouzoea: ikulu na hospitali haziguswi, mitaa ya pembezoni inazimwa. Vidole ndiyo mitaa ya pembezoni. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mgawo huu hauamuliwi na mkono. Kifua kikipoa, shingo ikipoa, tumbo likiwa tupu, vidole vitazimwa hata kama umevivalisha ngozi ya dubu.

Kwa mtu mwenye mzunguko mzuri wa damu kuna nafuu. Mwaka 1930 tabibu Mwingereza Thomas Lewis alieleza alichokiona kwa watu waliotumbukiza vidole kwenye maji ya barafu: mishipa hufunga, lakini baada ya dakika kadhaa hufunguka yenyewe kwa muda, kidole kikapata joto kidogo, kisha ikafunga tena, ikafunguka tena. Mwili unakirushia kidole matone ya kukiokoa. Nafuu hiyo haikugawiwa sawasawa. Wapo ambao mishipa yao hufunga mapema, hufunga kabisa, na huchelewa kufunguka, na miongoni mwa watu wenye asili ya Afrika hao ni wengi kuliko miongoni mwa Wazungu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu jeshi la Uingereza ulionyesha kuwa askari wenye asili ya Afrika na Karibea walikuwa katika hatari mara 30 zaidi ya wenzao weupe ya kuumizwa mikono na miguu na baridi. Jeshi la Marekani nalo, katika takwimu zilizochapishwa mwaka 2003, liliona tofauti ya karibu mara nne kwa askari wanaume weusi. Askari waliotoka nchi za Jumuiya ya Madola, wengi wao wa Afrika, wameidai fidia Wizara ya Ulinzi ya Uingereza na wamelipwa, na mara nyingi si kwa ajili ya vidole vilivyoganda barafu. Madhara mengi kati ya hayo yalitokea kwenye ubichi na baridi iliyo juu ya sifuri, ya kulala kwenye handaki lenye maji, ambayo huharibu neva na mishipa bila hata tone moja kuganda. Kwa hiyo anayesema "London hakuna baridi ya kutisha" aseme kwa niaba ya vidole vyake mwenyewe.

Takwimu hizo nazipenda kwa sababu moja: zinaua ile hukumu ya kwamba mgeni anayelalamikia mikono ni mvivu. Nimeisikia ikitoka kwa mabosi, lakini nimeisikia zaidi ikitoka kwetu. "Utazoea." "Mwanaume hajikunyati." Kuzoea kupo kidogo kwa baadhi ya watu, ila kidole kilichokwisha kuumizwa na baridi hakizoei. Kinakuwa chepesi kuumia zaidi mwaka unaofuata, na anayejikaza msimu wa kwanza ndiye anayelia msimu wa tatu.

Nilifanya kazi ya kupakia mizigo kwa misimu kadhaa kwenye uwanja mmoja wa ndege wa kaskazini ya Marekani. Tulikuwa na dada mmoja kutoka Uvira, mwembamba, mchangamfu, hodari kuliko wanaume wengi wa zamu yetu. Asubuhi moja ya Januari aliniita nyuma ya toroli la masanduku. "Kaka, njoo uone." Akaivua glavu kwa meno, maana vidole havikuweza kushika kitu. Kidole cha shahada na cha kati vya mkono wa kulia vilikuwa vimepauka kuanzia pingili ya pili hadi ncha, rangi ya majivu, na mpaka ulionekana waziwazi pale uhai ulipokomea. Kucha za vidole hivyo viwili zilikuwa nyeupe pe. Nikaibonyeza ncha ya kidole. "Bonyeza tu, hata ukinichoma sindano sisikii." Vidole vingine vilikuwa salama. Tukaingia ndani. Baada ya robo saa rangi ilianza kurudi, zambarau kwanza, kisha wekundu kiganjani, na maumivu yakaja pamoja nayo. Machozi yalimtoka huku akicheka kwa aibu. Msimamizi akapita, akatazama saa, akamwambia anunue glavu nzuri.

Ugonjwa aliokuwa nao dada yule una jina. Daktari Mfaransa Maurice Raynaud aliueleza mwaka 1862 katika tasnifu yake ya udaktari mjini Paris, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Mishipa midogo ya vidole hukazana kupita kiasi kwa sababu ya baridi, na wakati mwingine kwa sababu ya hofu au hasira tu. Vitabu vingi husema vidole huwa vyeupe, kisha bluu, kisha vyekundu, na picha zake ni za mikono ya Wazungu. Kwenye ngozi nyeusi weupe huo ni kupauka kwa kijivu ambako mtu anaweza kukudhania ukavu wa ngozi akapaka mafuta. Tazama kucha na kiganja; hapo hapafichi.

Kwa walio wengi, hasa wanawake waliouanza wakiwa vijana, na ukiwashika mikono yote miwili, ni kero isiyoharibu mwili. Kuna wa aina ya pili, unaoanza mtu akiwa na umri mkubwa, au unaoshika mkono mmoja, au unaoleta vidonda vidogo kwenye ncha za vidole. Huo unaweza kuwa umebebwa na ugonjwa mwingine kama lupasi au ule unaokakamaza ngozi, na mwenye dalili hizo aende hospitali, asiende dukani. Dawa ipo. Nifedipini, kidonge ambacho nyumbani tunakijua kwa shinikizo la damu, hulegeza mishipa hiyo na huwasaidia wengi kuuvuka msimu. Kinyume chake pia kipo: propranololi na jamaa zake, ambazo nazo hutolewa kwa shinikizo au moyo, zinaweza kuibana zaidi mishipa ya vidole, na vivyo hivyo vidonge vya kuzibua mafua vyenye pseudoefedrini. Mwenye kuzitumia asiache kwa kusoma gazeti, bali amwambie daktari kwamba anafanya kazi nje. Daktari hawezi kukisia hilo kwa kukutazama umekaa kwenye kiti chake chenye joto.

Kuna kundi jingine ambalo halitajwi hata kidogo kwenye vipeperushi vya baridi vya nchi hizo, kwa kuwa havikuandikwa kwa ajili yetu. Kongo na Tanzania ni miongoni mwa nchi wanakozaliwa watoto wengi zaidi duniani wenye selimundu, siko seli kama wengi wanavyoiita. Baridi ya ngozi peke yake inaweza kumwamshia mgonjwa maumivu makali ya mifupa, kwa sababu mishipa ikibana, chembe zilizojipinda hukwama. Kijana mwenye ugonjwa huo asichukue kazi ya nje wakati wa baridi, hata ikilipa. Hapa sina maneno ya kulainisha.

Wenye kisukari nao wana tatizo la upande wa pili: vidole havina hisia ya kutosha, kwa hiyo havitoi taarifa vinapoganda, wala vinapoungua kwenye jiko.

Turudi kifuani, maana ndiko jibu liliko. Mwaka 1998 watafiti wa taasisi ya utafiti wa kijeshi ya Kanada mjini Toronto walichapisha jaribio ambalo ningependa kila mpakia mizigo alijue. Waliwaketisha watu kwa saa tatu kwenye baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri, mikono mitupu, wakawavisha kifuani nguo iliyopashwa joto. Vidole viliendelea kupata damu. Hawakuvaa glavu, kifua kilikuwa na joto la ziada, na mwili ukafungua mabomba. Mimi nimelifanyia kazi jaribio hilo kwa namna ya kimaskini: pesa ya kwanza ya msimu inakwenda kwenye fulana ya ndani ya sufu au ya nailoni nyembamba inayoshika mwili, ya pili kwenye kizibao kinene, ya tatu kwenye kitu cha shingoni. Glavu zinakuja nyuma yake. Fulana ya ndani isiwe ya pamba. Pamba hunywa jasho ikalishikilia, na ukisimama dakika tano kungoja ndege iegeshwe, jasho hilo linakugeuka. Maji huondoa joto mwilini kiasi cha mara 25 kuliko hewa.

Halafu kuna jambo la kutoka nyumbani ukiwa na joto. Mshipa uliokwisha kufunga ni mgumu kuubembeleza; ambao haujafunga ni rahisi kuuacha wazi. Vaa glavu ukiwa bado ndani, mikono ikiwa na joto la kikombe. Kula. Vijana wengi wanakwenda zamu ya alfajiri na chai ya rangi tupu, kisha wanashangaa. Mwili usio na chakula una kuni kidogo, na mgawo unaanza mapema.

Kwenye mkono wenyewe, sehemu inayosahaulika kuliko zote ni kifundo. Damu inayokwenda vidoleni hupita pale karibu kabisa na ngozi, na ndipo pale pale mkono wa koti unapoishia na glavu haijaanza. Dada yule wa Uvira ndiye aliyenifundisha dawa yake. Alichukua soksi kuukuu ya sufu, ndefu, akakata sehemu ya vidole, akatoboa tundu pembeni kwa ajili ya dole gumba, akaivaa mkononi mpaka katikati ya kigasha, ncha za vidole zikibaki nje. Juu yake glavu nyembamba. Juu yake tena glavu kubwa za mfuko, zile zinazoviweka vidole vinne chumba kimoja na dole gumba peke yake, zimefungwa kwa kamba inayopita ndani ya mikono ya koti ili akizivua kushika kamba ya mzigo zisianguke zikapeperushwa na upepo. Akimaliza kufunga, anarudisha. Vidole vikikaa pamoja hupashana joto; kila kimoja kwenye ala yake kinateketea peke yake. Wataalamu wa afya kazini wa Marekani, wale wa ACGIH, wanashauri glavu za aina hiyo kuanzia nyuzi 17.5 chini ya sifuri. Kwa mwenye damu nzito kufika, mimi nasema aanze mapema zaidi.

Na ziwe kubwa. Glavu inayobana huua mara mbili: inafukuza hewa iliyokuwa kinga, na inaminya mishipa ambayo tayari ina shida. Ukishindwa kukunja ngumi vizuri ndani yake, mpe mtoto. Jozi ya pili ikae kifuani ndani ya koti, ikisubiri ya kwanza ilowe, kwa maana italowa.

Vile vipakiti vya kupasha joto vinavyouzwa kwenye kaunta navipenda, ingawa watu huvitumia vibaya. Ndani yake mna unga wa chuma, chumvi, makaa na maji kidogo. Ukifungua, hewa inaingia, chuma kinapata kutu kwa haraka, na kutu hiyo ndiyo joto. Wajapani waliviingiza sokoni mwaka 1978 na ni uvumbuzi wa akili. Lakini vinahitaji hewa, kwa hiyo ukikibana kipakiti kwenye ncha ya glavu iliyokaza, kinazimika. Kifungue ndani ya jengo, kitikise, kipe dakika chache, kisha kiweke upande wa ndani wa kifundo, juu ya ile soksi wala si juu ya ngozi tupu, hasa kama vidole vyako havisikii vizuri.

Chuma na mafuta vina sheria zao. Mpini wa chuma kwenye baridi hunyonya joto la kiganja haraka kuliko upepo. Wataalamu wale wale wanataka mipini hiyo ifunikwe kuanzia nyuzi moja tu chini ya sifuri, na utepe mnene wa kuzungushia unauzwa bei ya soda. Petroli haigandi kwenye baridi hizo. Inabaki maji, ikiwa na ubaridi wa hewa ya nje, na ikikumwagikia mkononi kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri inaweza kuigandisha ngozi mara moja. Wanaojaza mashine za kusukuma theluji wanalijua hili kwa makovu.

Mashine hizo zina dhambi nyingine. Mwaka 1918 daktari Alice Hamilton, ambaye mwaka uliofuata aliingia Harvard akiwa mwanamke wa kwanza kufundisha huko, alikwenda Bedford, Indiana, kuwachunguza wachonga mawe waliotumia nyundo za upepo. Aliwakuta na vidole vyeupe visivyo na hisia asubuhi za baridi, hasa mkono wa kushoto, ule unaoshika patasi. Mtikisiko wa mashine ulikuwa umeharibu mishipa, na baridi ikawa inaanika uharibifu huo hadharani. Zaidi ya miaka mia imepita, na msumeno wa mnyororo au nyundo ya kuvunjia barafu bado vinafanya vile vile. Mtu ambaye tayari ana vidole vya Raynaud akabidhiwe kazi nyingine kabla ya kukabidhiwa mashine ya kutikisika.

Sasa nifike kwenye sehemu inayoniudhi. Yote niliyoyataja mtu anaweza kuyafanya kwa pesa zake na akili yake, na bado vidole vikazimika, kwa sababu dawa moja kubwa kuliko hizo zote haiuzwi dukani: ruhusa ya kuingia ndani. Jimbo la Saskatchewan nchini Kanada lilitengeneza jedwali ambalo wataalamu wa ACGIH wakaja kulichukua. Kwenye nyuzi 32 hadi 34 chini ya sifuri bila upepo, mtu aliyevaa vizuri anafanya kazi dakika 75, anaingia mahali pa joto dakika 10, anatoka tena. Ikifika 40 hadi 42, ni dakika 30 tu kwa mkupuo, mapumziko matano ndani ya zamu ya saa nne. Kuanzia 43 kwenda chini, kazi isiyo ya dharura isimame. Upepo ukivuma, unahesabu kwa ukali zaidi: nyuzi 18 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 24 kwa saa, mwili unapoa kama uko kwenye nyuzi 28, na ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa.

Jedwali hilo nchini Marekani ni ushauri. Sheria ya usalama kazini ya mwaka 1970 inamtaka mwajiri aondoe hatari zinazojulikana kwa ujumla, ila hakuna kanuni ya taifa inayosema kwenye baridi ya kiasi hiki mtu apumzike dakika hizi. Yote yanabaki mikononi mwa msimamizi wa zamu. Pale nilipofanya kazi, wavuta sigara walikuwa na mapumziko yao yasiyoandikwa popote. Walitoka wawili watatu, wakarudi, hakuna aliyetazama saa. Mwenye vidole vyeupe alipoomba dakika kumi aliulizwa maswali. Kichekesho ni kwamba nikotini yenyewe hubana mishipa ya vidole, kwa hiyo waliopewa nafasi ya kupasha mikono moto waliitumia kuipoza.

Tarehe 30 Januari 2019 Minneapolis iliamkia nyuzi 33 chini ya sifuri, na shirika la posta la Marekani, ambalo linasifika kwa msemo kwamba theluji haimzuii tarishi wake, lilisimamisha usambazaji wa barua Minnesota na majimbo jirani. Barua zilingoja. Kama posta ya taifa inaweza kungoja siku nzima, toroli la masanduku linaweza kungoja dakika kumi. Bosi asiyeguswa na huruma aguswe na hesabu: ngozi ya kidole ikishuka kwenye nyuzi 15 ustadi wa mkono unapotea, ikikaribia nyuzi 8 hisia ya kugusa inakwisha, na mtu asiyesikia alichokishika atakiangusha, au atabanwa na mlango wa mzigo.

Dada wa Uvira alikwenda kwa daktari, akarudi na barua ya nusu ukurasa yenye jina la ugonjwa na sentensi moja ya maombi: apewe kazi ya ndani kipindi cha baridi kali, au mapumziko ya kupasha mikono joto. Msimamizi yule yule aliyemwambia anunue glavu aliisoma akiwa amesimama, akampeleka kwenye mkanda wa kupanga mizigo, ujira ule ule. Kilichobadilika kilikuwa karatasi. Ndiyo maana nasisitiza mtu apate jina la ugonjwa wake. "Mikono yangu inapata baridi" ni lalamiko, na malalamiko yanajibiwa kwa ushauri wa glavu.

Nyumbani nako hatujatakata. Aliyepanda Kilimanjaro amewaona wapagazi waliovaa soksi mikononi, na usiku wa kambi za juu wakiosha vyombo vya wageni kwa maji ya barafu. Mizigo yao imewekewa kikomo cha kilo 20. Mikono yao haina kikomo chochote, na mgeni anayelipa maelfu ya dola haoni haya kuwapiga picha.

Na vidole vikishazimika? Ingia ndani, vua kilicholowa, viweke kwapani au kwenye maji ya vuguvugu ambayo mtu mwingine mwenye hisia ameyapima, nyuzi 37 hadi 39. Usisugue. Usiviweke mbele ya moto. Usisugue na theluji pia, ushauri ambao bado nausikia kwa wazee wa huko. Ulitoka kwa Larrey, daktari mpasuaji wa Napoleon, aliyewaona askari mwaka 1812 huko Urusi wakiunguza miguu yao iliyoganda kwenye mioto ya kambini, kisha wakatembea ikaganda upya na kuoza. Aliona kweli, akatoa hitimisho baya, na dunia ikamfuata kwa zaidi ya karne moja, mpaka madaktari wa Alaska katikati ya karne ya 20 walipoonyesha kuwa maji ya joto la kadiri huokoa zaidi. Ngozi ikiwa ngumu, haibonyei, haisikii hata baada ya nusu saa ndani, hiyo si kazi ya nyumbani tena. Na pombe isiwe dawa: inakufungulia mishipa ya ngozi, unahisi joto, na kiini kinapoa.

Vyama vyetu huko nje, vya Watanzania, vya Wakongomani, vya Warundi, hukutana kila mwaka kabla ya baridi kuanza, huchangishana kwa misiba na harusi, na hufanya hivyo vizuri. Humo humo kuna manesi, wengine wamesoma huko huko. Nesi mmoja apewe nusu saa aeleze kucha nyeupe, selimundu na propranololi, na katibu amwandikie kila mwanachama nakala ya barua ya kumpelekea bosi, yenye nafasi tupu ya daktari kujaza. Jedwali la Saskatchewan linaenea kwenye ukurasa mmoja, tena lina nafasi ya pembeni. Kuliweka kwa Kiswahili ni kazi ya jioni moja.